Udogo wa Jeraha na Ukubwa wa Kazi

Kivumishi -dogo ni miongoni mwa vivumishi vya mwanzo ambavyo mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hufunzwa, na aghalabu hakimpi taabu yoyote. Hufuata ngeli, basi: mtoto mdogo, kijiji kidogo, nyumba ndogo. Taabu huanza pale kinapotoka darasani na kuingia hospitalini. Katika hospitali za Kenya, upasuaji mdogo ni ule unaofanywa kwa ganzi ya mahali pamoja, mgonjwa akiwa macho: kupasua jipu, kutahiri, kushona jeraha la panga, kung'oa ukucha ulioota vibaya. Mgonjwa huingia asubuhi na jioni yuko kwake. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni neno hilo hilo limeanza kutumiwa kutaja jambo jingine kabisa, yaani kubadilisha vali ya moyo kupitia mkato mfupi wa ubavuni badala ya kupasua kifua. Mkato ni mdogo, hilo halina ubishi. Kazi inayofanywa ndani yake si ndogo hata chembe.

Hurlingham, jijini Nairobi, ni mahali ambapo utata huo huwakumba watu kila siku ya kazi. Mtaa huu ulioko magharibi mwa katikati ya jiji ulirithi jina lake kutoka London enzi za ukoloni. Barabara yake kuu imepewa jina la C. M. G. Argwings-Kodhek, wakili aliyewatetea Waafrika mahakamani wakati wa hali ya hatari na baadaye akawa waziri, naye alifariki kwenye barabara hiyo hiyo mnamo Januari 1969 katika kile kilichotajwa rasmi kuwa ajali ya gari. Upande mmoja wa mtaa kuna hospitali iliyofunguliwa mwaka 1954 kwa ajili ya Wazungu, ambayo leo ndiyo Hospitali ya Nairobi. Ukivuka Barabara ya Ngong unaifikia Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, iliyoanzishwa mwaka 1901 kwa ajili ya wenyeji. Baina na kandokando ya hizo mbili pamechipuka majengo ya ghorofa ambamo karibu kila mlango una kibao cha daktari: wa figo, wa mifupa, wa watoto, wa moyo. Watu hutoka Kisii, Meru na Garissa wakiwa wamekumbatia bahasha kubwa za picha za eksirei, wakisoma vibao kimoja kimoja.

Katika mojawapo ya majengo hayo alifika mama mmoja kutoka Voi pamoja na bintiye wa miaka 22, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu. Walikuwa wameteremka kwenye matatu ya nambari 46 na kupumzika mara mbili kabla ya kufika lifti, maana binti hakuweza kutembea hatua mia moja mfululizo. Kwa mwaka mzima alikuwa amelala kwa kuegemea mito mitatu. Kikohozi chake cha usiku kilikuwa kimetibiwa kama pumu katika zahanati mbili tofauti, na pumu haikusikia dawa kwa sababu haikuwa pumu. Kipimo cha mwangwi wa moyo ndicho kilichosema kweli: vali ya mitrali, ile inayotenganisha vyumba viwili vya kushoto vya moyo, ilikuwa imekakamaa na kusinyaa, ikawa haifunguki vyema wala haifungiki barabara.

Moyo wa binadamu una vali nne, na hupiga mara laki moja hivi kwa siku. Kila pigo ni kufunguka na kufungika kwa vilango hivyo ambavyo nyama yake ni nyembamba mithili ya kitambaa. Kinachoviharibu vilango vya vijana wa Afrika Mashariki huanzia mbali na moyo, huanzia kooni. Mtoto wa shule huambukizwa bakteria wa koo. Koo humuuma kwa siku kadhaa, kisha hupona na wazazi wakasahau. Kwa baadhi ya watoto, kinga ya mwili iliyoamshwa ili kupambana na bakteria hao hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe: magoti, vifundo vya miguu, na vali za moyo. Hii ndiyo homa ya baridi yabisi. Jina hilo nalo halisaidii sana, kwani baridi yabisi hudhaniwa kuwa maradhi ya wazee wanaolalamikia viungo wakati wa masika. Maumivu ya magoti huondoka. Jeraha la vali hubaki, na kila koo linapougua upya, vali huzidi kushikamana. Sindano ya penisilini inayodungwa kila baada ya wiki tatu au nne huzuia mashambulizi mapya, na dawa hiyo ni ya zamani na ya bei nafuu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio la kupambana na ugonjwa huu. Ulaya umekuwa nadra; huko vali huharibika kwa uzee. Tofauti hii ni ya msingi, kwa kuwa sehemu kubwa ya sifa zinazomiminiwa upasuaji wa mkato mdogo imetokana na wagonjwa wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao wana umri wa babu na bibi wa binti huyu.

Daktari wa moyo aliyewapokea aliongea kwa Kiingereza, kama ilivyo desturi ya Hurlingham, na binti akawa mkalimani wa mamake. Aliitafsiri vyema habari ya vali. Alipofika kwenye njia mbili za kuibadilisha, ile ya kupasua kifua na ile ya mkato wa ubavuni ambayo mjomba wake wa Mombasa alikuwa ameipendekeza baada ya kusoma kijitabu cha hospitali moja ya Uhindi, alisema, "Mama, kuna operesheni kubwa, na kuna operesheni ndogo."

Uso wa mama ulikunjuka. "Kama kuna ndogo, mwanangu, basi tungojee nini? Ifanywe leo, tulale kwa shangazi yako, kesho tupande gari moshi."

Daktari aliweka kalamu mezani. Kiswahili alikuwa nacho, tena kizuri. Ni mazoea tu yaliyokuwa yamekificha. "Hapana, mama," akasema. "Kilicho kidogo ni mlango. Chumba tunachoingia ni kile kile, na kazi ni ile ile."

Maelezo ya daktari yanastahili kufuatwa kwa makini, maana ndani yake mna kila kitu ambacho neno ndogo hukificha. Katika njia ya kawaida, mgonjwa hupewa nusukaputi. Mkato wa takriban sentimita 20 hupita katikati ya kifua, na mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno kutoka juu hadi chini, kisha pande zake mbili hutanuliwa. Damu huelekezwa kwenye mtambo unaochukua nafasi ya moyo na mapafu. Moyo husimamishwa kwa maji baridi yenye potasiamu, ukatulia kama samaki aliyetolewa majini. Vali mbovu hukatwa. Mpya hushonwa uzi baada ya uzi. Moyo ukisha kuamka, kidari hufungwa kwa nyaya za chuma ambazo mgonjwa atabaki nazo maisha yake yote, na mfupa huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Katika muda huo mgonjwa haruhusiwi kunyanyua mtungi wa maji wala kumbeba mtoto, na akikohoa hukumbatia mto kifuani.

Katika njia ya mkato mdogo, kidari hakiguswi. Daktari hupasua sentimita tano hadi nane ubavuni kulia, akapita baina ya mbavu mbili kwa vyombo virefu na kamera. Kwa vali ya aota, wengine hupasua sehemu ya juu tu ya kidari. Lakini mtambo ni ule ule, na mirija yake mara nyingi huingizwa kupitia mishipa mikubwa ya kinena. Moyo husimamishwa vile vile. Vali hukatwa na kushonwa vile vile, ila sasa kwa mkono usiofika mahali pa kazi, na kwa sababu hiyo moyo aghalabu hukaa umesimama kwa muda mrefu zaidi. Mama aliuliza kama mtoto hatasikia maumivu. Akajibiwa kuwa atayasikia katika njia zote mbili, ingawa mbavu na kidari huuma kwa namna tofauti.

Historia ya fani hii ina kinaya chake. Mwaka 1925, jijini London, daktari Henry Souttar alipenyeza kidole ndani ya moyo wa msichana aliyekuwa na ugonjwa huu huu wa mitrali, akaipanua vali bila kuiona. Msichana akaishi, lakini hakuna daktari mwingine aliyempelekea Souttar mgonjwa wa pili. Kwa hiyo watangulizi walianza kwa kupapasa gizani kupitia tundu. Ni mtambo wa moyo na mapafu, uliotumiwa kwa mafanikio na John Gibbon kule Philadelphia mwaka 1953, uliowapa madaktari nafasi ya kufungua kifua na kuona wanachokifanya. Miaka saba baadaye, mwaka 1960, Albert Starr akishirikiana na Lowell Edwards, mhandisi aliyekuwa amestaafu, alishona mahali pa mitrali vali iliyokuwa na gololi ndani ya kizimba. Kifua kilichofunguka ndicho kilichofanikisha yote hayo. Katikati ya miaka ya 1990 ndipo madaktari walipoanza kurudi kwenye tundu, safari hii wakiwa na taa na kamera.

Je, tundu ni bora kuliko kifua wazi? Mjomba wa Mombasa hakuwa na shaka. Kijitabu chake kilikuwa na picha ya mwanamke akicheza mpira wa wavu. Ushahidi wenyewe una tahadhari zaidi. Tafiti nyingi zinakubaliana kwamba wanaopasuliwa ubavuni hupoteza damu kidogo zaidi na hurejea nyumbani mapema. Utafiti mmoja uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2023 uliwagawa wagonjwa 330 wa mitrali kwa kura, baadhi wakapasuliwa ubavuni na wengine kidarini. Baada ya wiki kumi na mbili, uwezo wao wa kutembea na kufanya kazi za nyumbani haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Siku za kulala hospitalini zilitofautiana kwa siku moja hivi. Vali zilirekebishwa kwa usalama katika makundi yote mawili. Ikumbukwe kuwa hao walikuwa watu wazima ambao vali zao zilikuwa zimelegea kwa umri na ziliweza kurekebishwa, tena mikononi mwa madaktari waliobobea katika njia zote mbili. Sharti hilo la mwisho ndilo zito. Upasuaji wa ubavuni hujifunzwa kwa kurudiarudia, na mgonjwa wa kumi wa daktari hapati mkono ule ule atakaoupata mgonjwa wa mia tatu.

Kuna upande mwingine ambao haifai kuudharau, nao ni kovu. Ni rahisi kwa mwanamume aliyevaa shati na tai kusema kwamba kovu si kitu. Kwa msichana wa miaka 22, kovu linaloanzia chini ya koo na kushuka hadi kwenye chembe cha moyo ni jambo litakalochagua nguo zake, na litaulizwa na kila atakayeliona. Mama ndiye aliyelitaja, si binti, alihofia posa. Kovu la ubavuni hujificha chini ya titi. Kuna jingine la kitaalamu pia: kidari ambacho hakijapasuliwa huwa kimehifadhiwa kwa ajili ya siku nyingine, na kufungua kifua kwa mara ya pili ni hatari zaidi kuliko mara ya kwanza, kwani moyo huwa umegandamana na mfupa. Kwa mgonjwa mwenye miaka mingi mbele yake, hoja hiyo ina uzito.

Lakini kabla ya mlango, kuna swali la kile kitakachopitishwa mlangoni. Hapo ndipo mazungumzo yalipobadilika. Binti, aliyekuwa ametafsiri kwa sauti moja ya utulivu kana kwamba habari ni za mtu mwingine, aliacha kutafsiri na kuuliza kwa Kiingereza, upesi upesi, kama ataweza kuzaa.

Jibu lilikuwa refu. Vali za kubandikwa ni za aina mbili kuu. Zile za chuma na kaboni hudumu kwa miongo mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, hivyo mwenye vali hiyo sharti ameze dawa ya wafarini kila siku hadi kufa kwake na damu yake ipimwe mara kwa mara. Dawa ikipungua, bonge la damu huweza kuziba vali au kuruka ubongoni na kuleta kiharusi. Ikizidi, damu haizuiliki. Mboga za majani, sukuma wiki, mchicha na kisamvu, huathiri nguvu zake. Hazikatazwi, ila kiasi chake kisiyumbe. Wapo walioahidi kwamba dawa mpya zisizohitaji vipimo zingeuondoa usumbufu huo, lakini kwa vali za chuma dawa hizo hazifai. Hata kwa wagonjwa wa baridi yabisi wasio na vali za chuma ambao mapigo ya moyo wao yamevurugika, utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliohusisha watu zaidi ya 4,500 katika mataifa mengi ulionyesha kwamba walio kwenye dawa za jamii ya wafarini waliishi zaidi. Na wafarini, katika miezi ya mwanzo ya mimba, huweza kumlemaza mtoto tumboni. Mja mzito hubadilishiwa dawa kwa sindano za kila siku, na wakati huo vali iko hatarini kuganda.

Aina ya pili hutengenezwa kutokana na vali ya nguruwe au utando wa moyo wa ng'ombe. Haihitaji wafarini ya maisha; kwa kawaida miezi michache ya mwanzo hutosha. Mimba huwa salama zaidi. (Wagonjwa Waislamu huuliza kuhusu nguruwe, na daktari mwenye busara huwataja ng'ombe mapema.) Kasoro yake ni kwamba huchakaa, na katika mwili wa kijana huchakaa kwa haraka zaidi kuliko katika mwili wa mzee. Miaka kumi, pengine kumi na mitano, pengine pungufu. Kisha operesheni nyingine. Daktari alisema hivyo kwa Kiswahili, akimtazama mama: "Akichagua ya chuma, atafungwa na dawa. Akichagua ya ng'ombe, atarudi hapa. Hilo ndilo swali kubwa, mama. Mlango ni swali la pili."

Njia mbili nyingine zilipitiwa kwa haraka. Ya kwanza ni ile ya kuingiza vali iliyokunjwa ndani ya mrija kupitia mshipa wa paja, bila kusimamisha moyo, iliyofanywa kwa mara ya kwanza na Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, mwezi Aprili 2002. Imewafaa hasa wazee ambao vali ya aota imekakamaa kwa chokaa. Kwa mitrali ya kijana iliyoharibiwa na baridi yabisi si njia ya kawaida. Ya pili ni puto, ubunifu wa Mjapani Kanji Inoue wa miaka ya 1980: puto hupelekwa kwa mrija hadi kwenye mitrali iliyoshikamana, likajazwa, likaitanua. Hapa hakuna vali mpya, na kwa mgonjwa anayefaa ndiyo njia bora kupita zote, kwani huahirisha kisu kwa miaka. Binti huyu angalifika miaka mitano kabla, huenda puto lingalimfaa. Sasa vali ilikuwa ikivuja mno, na bonge la damu lilikuwa limejificha katika chumba cha juu cha kushoto.

Yaliyofuata hayakutokea hospitalini. Jioni ile, kutoka nyumbani kwa shangazi, mjomba alitangaza kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp kwamba mtoto anahitaji operesheni ndogo ya moyo. Alikusudia kuwapoza watu mioyo. Alifaulu kupita kiasi. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ingelipa sehemu tu ya gharama, na sehemu iliyosalia ilikuwa inategemea mchango wa jamaa. Kwa siku nne waliochanga walichanga mia mbili, mia tatu, pamoja na dua nyingi. Binamu mmoja aliandika kwamba hata yeye alifanyiwa ndogo mguuni, na siku ya pili alikuwa shambani.

Siku ya tano binti alichukua simu na kuandika upya. Aliandika kama anavyoandika insha za darasani, sentensi kamili zenye vituo. Aliwaeleza kwamba kuna njia tatu za kuifikia vali ya moyo, na kila moja akaiita kwa jina la mahali inapoingilia: upasuaji wa kufungua kidari, upasuaji wa ubavuni, na matibabu ya mrija wa pajani. Hakutumia neno ndogo wala kubwa. Aliongeza kwamba katika zile mbili za kwanza moyo husimamishwa kabisa, na kazi yake hufanywa na mashine kwa saa kadhaa. Mjomba alimpigia simu akimlaumu kwamba amewatisha wazee. Michango, hata hivyo, ilianza kufanana na jambo lenyewe.

Uamuzi wa binti huyo wa kiistilahi unafaa kuzingatiwa na wanaokishughulikia Kiswahili, kwa sababu ulikuwa wa kitaalamu kuliko alivyodhani. Magazeti ya Dar es Salaam, yanapoandika habari za Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, yamezoea kutofautisha upasuaji wa kufungua kifua na ule usiofungua kifua unaopitia tundu dogo pajani. Hapo lugha imejieleza bila kuhukumu. Lakini magazeti hayo hayo wakati mwingine huuita huo wa pili upasuaji mdogo wa moyo, na hapo msomaji wa Voi hurudi kwenye jipu na ukucha. Neno kidari limekuwamo katika kamusi siku zote, na wachinjaji hulitumia kila asubuhi. Ni ajabu kwamba wakalimani wa hospitalini wanalisahau. Vali limekubalika. Moyo wazi, tafsiri ya sisisi ya Kiingereza, halifai, kwa kuwa kumfungulia mtu moyo ni kumweleza siri zako, na kuna wagonjwa ambao wamecheka waliposikia hivyo, kisha wakaona haya kuuliza zaidi.

Wala hili si suala la ufasaha pekee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake na njia za matibabu, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Ukitazama fomu ya idhini ambayo mgonjwa wa moyo hutia sahihi, aghalabu utaikuta kwa Kiingereza, nayo ikafasiriwa kwa mdomo na yeyote aliyepo: mwuguzi, mfagiaji, au mgonjwa mwenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyefunzwa fonolojia kwa mihula mitatu alijikuta akiifasiri hati ya kupasuliwa kwake mwenyewe, bila kamusi. Katika vyuo vikuu vya Kenya tafsiri ya riwaya hupewa nafasi kubwa kuliko tafsiri ya fomu, na huenda wakati umewadia wa kuupima upya mgawanyo huo.

Alichagua vali ya ng'ombe, kwa sababu ya watoto. Na alichagua kidari. Daktari mpasuaji aliyeonana naye baadaye alimwambia bila kuzunguka kwamba yeye na wenzake wamebadilisha vali nyingi sana kwa kufungua kifua na chache kwa ubavuni, kwamba bonge la damu lilipaswa kuondolewa lote, na kwamba angependa kuliona kwa macho yake. Akaongeza kwamba Uhindi wapo mabingwa wa ubavuni na hatamzuia kwenda. Binti akauliza ni nani atakayempima baada ya kurudi, pindi kidonda kikipata usaha akiwa Voi. Mjomba alinuna kwa wiki moja.

Operesheni ilifanywa Nairobi na ilichukua saa tano. Siku ya tatu alikaa kitini. Ya nane aliruhusiwa kwenda kwa shangazi, amekumbatia mto. Kwa miezi mitatu alimeza wafarini na kula mchicha kwa kijiko kilichopimwa. Alipoteza muhula mmoja. Sasa analala kwa mto mmoja, na hupanda ngazi za bweni akiongea. Penisilini bado anadungwa kila mwezi, kwani vali tatu zilizosalia ni zake mwenyewe na koo ni lile lile. Kila Januari hupimwa mwangwi, na daktari amemwambia kwamba siku vali hiyo itakapochakaa huenda nyingine ikapitishwa kwa mrija na kutanuliwa ndani yake, au huenda kifua kikafunguliwa tena, itategemea.

Kovu limebadilika kutoka wekundu hadi kahawia. Mama yake, akiulizwa sokoni Voi ni nini kilichompata mtoto, hujibu kwamba alifunguliwa kidari akawekewa vali. Wauzaji wenzake husikiliza, kisha humuuliza ilichukua saa ngapi.